Milioni 3.5 kwa mwezi, dakika 161 kwa msimu

Naanza na hiyo namba, 161. Hizo ndo dakika nilizocheza msimu mzima kwenye timu iliyokuwa inanilipa milioni 3.5 kwa mwezi, yani mechi mbili hazijatimia. Msimu mmoja kabla ya hapo nilikuwa timu ya mkoani inanipa laki 7 na bado inachelewa, nikacheza mechi 27 kati ya 30 na nyingi nilimaliza dakika zote 90. Naandika hii kwa wadogo zangu ambao ligi ikiisha tu simu zitaanza kuita, maana yangu iliita na mimi nikauliza swali moja tu, shilingi ngapi.

Nacheza namba tatu, beki wa kushoto (utani wa beki tatu, yani dada wa kazi za ndani, nimeshausikia wote, msijisumbue). Bongo mguu wa kushoto ni mtaji, watu wanaocheza pale kwa asili ni wachache, ukikomaa msimu mmoja jina linaanza kutajwa. Timu yetu ilikuwa ya kuunga unga, tulishawahi kutoka Bukoba kwa basi baada ya mechi ya Kaitaba tukafika nyumbani siku ya pili usiku miguu imevimba, mshahara miezi miwili haujaingia, mwenye duka mtaani anakuangalia kwa jicho la pembeni. Lakini jumamosi ikifika naingia uwanjani, hilo sikuwahi hata kulihesabu kama ni kitu.

Ligi ilipoisha zikaja ofa mbili. Ya kwanza timu ya katikati ya msimamo, mshahara milioni 1.2, usajili milioni 10, na kocha wao alinipigia mwenyewe akaniambia beki wao wa kushoto anaondoka, namba ni yako mpaka uiharibu mwenyewe. Ya pili timu yenye hela ya Dar, jina nabaki nalo, usajili milioni 35 kwa awamu mbili, mshahara milioni 3.5, miaka mitatu. Aliyenipigia hapo hakuwa kocha, alikuwa kiongozi, na alinitaja kwa jina la utani kama vile tumekua wote mtaa mmoja. Hiyo tofauti ya nani amepiga simu nilikuja kuielewa nimeshachelewa.

Nikampigia mwalimu wangu wa timu ya vijana, mzee mmoja mkali sana ila anatupenda. Shikamoo mwalimu, marahaba, nikamwagia habari nzima nikitegemea atanipongeza. Akaniuliza namba tatu wapo wangapi pale? Nikasema wawili. Wana umri gani? Sijui. Mikataba yao inaisha lini? Sijui. Kocha ndo kakutaka au kiongozi? Nikakaa kimya. Akasema mwanangu hiyo sio ofa, hiyo ni bei, nenda kaulize halafu unipigie. Sikumpigia tena, nilisaini baada ya siku mbili.

Na tusidanganyane, mtu anayekwambia usifuate hela mara nyingi hajawahi kulala anadaiwa unga. Bi mkubwa alikuwa anaishi kwenye nyumba ambayo nusu ni bati nusu ni turubai, mdogo wangu wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani ada. Awamu ya kwanza ya usajili ilivyoingia nilimaliza nyumba ya mama, bati, madirisha, choo cha ndani, na mpaka leo nikienda pale nikaona lile paa moyo unatulia. Hiyo sehemu sijutii hata kidogo. Ninachojuta ni kwamba ningeweza kupata paa na namba vyote viwili kama ningeuliza vizuri, au angalau kama ningeingiza sentensi mbili kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe ulikuwa kurasa 9 za kiingereza. Nilisoma sehemu mbili, penye mshahara na penye kusaini. Meneja wangu wakati ule alikuwa mshkaji tu anayejuana na watu, hana leseni wala nini, alichojua ni asilimia yake (siku hizi FIFA wamerudisha mtihani na leseni za mawakala, tangu 2023, kwahiyo wa kwako muulize kabisa, kaka leseni unayo? akikasirika umeshapata jibu). Vitu nilivyokuja kuvigundua baadae: bonasi ya ushindi ilikuwa inakwenda kamili kwa aliyecheza, nusu kwa aliyekaa benchi, na aliyekaa jukwaani sifuri. Awamu ya pili ya usajili iliandikwa italipwa baada ya mzunguko wa kwanza, tarehe haikuandikwa, ikaja kulipwa mwezi wa tano. Na hapakuwa na mstari wowote unaosema nisipocheza idadi fulani ya mechi naruhusiwa kutoka kwa mkopo, yani kwenda kuchezea timu nyingine kwa muda. Kipengele kama hicho ukikiomba kabla ya kusaini wanaweza kukubali kirahisi tu kwasababu siku hiyo wanakutaka. Ukikiomba januari unaonekana msumbufu.

Kambi ya mwanzo wa msimu nilikuwa vizuri, kocha alinipanga mechi za kirafiki, nikajiona nimefika. Mechi ya nne ya ligi kocha akafukuzwa. Hapa bongo kocha kufukuzwa sio ajali, ni kawaida kama mvua za masika, kwahiyo mchezaji anayesaini kwasababu ya kocha ajue amesaini kwa mtu ambaye krismasi anaweza asiwepo. Akaja mwingine na staili yake, anataka beki wa kushoto mrefu anayebaki nyuma, mimi mfupi napenda kupanda. Kabla dirisha la usajili halijafungwa wakaleta mgeni wa namba ileile. Klabu zilikuwa zinaruhusiwa kusajili wageni 12, na mgeni anayelipwa kwa dola uongozi hauwezi kumwangalia akikaa benchi, maana watu wataanza kuuliza nani alimleta. Nikawa namba tatu wa tatu, cheka tu.

Sasa kuna kitu watu wa nje hawakijui, benchi na jukwaani ni vitu viwili tofauti kabisa. Benchi bado uko kwenye mechi, umevaa jezi, unapasha, kocha akigeuka moyo unadunda. Jukwaani ni kifo kidogo kidogo. Listi ilikuwa inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la timu jioni ya siku kabla ya mechi, majina 20, na mimi nilikuwa naisoma kuanzia chini kwenda juu sijui kwanini, labda nilikuwa naogopa kuchelewa kujua. Wiki za kwanza nilikuwa nasoma mara mbili. Baadae nikawa nasubiri mtu aseme. Timu ikisafiri tunabaki watu sita saba na kocha wa viungo, saa moja asubuhi, tunazunguka koni. Unaoga, unarudi nyumbani saa tatu, na siku nzima iko mbele yako huna cha kufanya. Niliangalia tamthilia nyingi sana mwaka ule.

Mechi za nyumbani nilikuwa nakaa jukwaani nimevaa traki ya timu, mashabiki wanakuja kupiga picha wanauliza vipi mbona huchezi, unaumwa? Na hapo ndo nilifanya kosa ambalo lilinitesa kuliko mengine yote. Nikawa najibu ndio, nina msuli. Niliona ni afadhali kuonekana mgonjwa kuliko kuonekana sina uwezo. Nyumbani nikasema hivyo hivyo, kwenye grupu la ukoo wakawa wananiombea. Huo uongo ulitembea mbele yangu, nilivyokuja kutafuta timu ya kunichukua kwa mkopo kiongozi mmoja akamwambia meneja wangu wazi, yule kijana tunasikia kila siku ni majeruhi, hatuchukui mgonjwa. Nilikuwa sijaumia hata kidole. Kama huchezi kwasababu kocha anampanga mwingine, sema hivyohivyo.

Hela nayo. Milioni 3.5 ukiitaja mtaani inasikika kama haiishi. Nikahama nikapanga nyumba ya laki 6, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nikachukua Crown kwa mali kauli kwasababu wenzangu wote kwenye maegesho ya mazoezi walikuwa na magari na mimi nashuka kwenye boda. Ukoo ukaongezeka, kuna watu waliniita mjomba sijawahi kuwaona. Na ile bonasi niliyokuwa nimeipigia hesabu haipo, kwahiyo matumizi ni ya mtu anayecheza na mapato ni ya mtu wa jukwaani. Mwezi wa pili nilikopa kwa mchezaji mwenzangu laki 3 ya mafuta. Mimi wa milioni 3.5.

Dakika zangu zilikuwa hivi, ligi niliingia mara tatu, 11, 4, na 26. Kombe nilianza mara mbili, 58 na 62. Ile ya 62 ndo nataka niielezee kidogo. Tulicheza na timu ya daraja la chini, winga wao mtoto wa miaka kama 19, mwembamba, viatu vimeshonwa. Dakika 20 za kwanza nilikuwa fresh nikasema leo narudisha namba yangu. Dakika ya 35 pumzi ikaanza kukata. Mbio nilikuwa nazo, vipimo vya mazoezini nilikuwa nashinda hata wanaocheza, kilichopotea ni kitu kingine, ile kujua mpira utadondoka wapi kabla haujapigwa, kujua lini upande na lini ubaki. Mazoezini kocha anapiga filimbi tunasimama, mechi haisimami. Yule mtoto alinipita mara tatu sehemu ileile, ya tatu ikawa goli. Nikatolewa dakika ya 62 uwanja unazomea, mwenzangu aliyeingia hakuniangalia usoni, nadhani aliona huruma. Nililia kwenye bafu maji yakiwa wazi ili watu wasisikie.

Usiku ule nilianza kufuatilia njia walizopita wakubwa zetu. Samatta alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe ya Congo, akakaa pale karibu miaka mitano anacheza, wakachukua ubingwa wa Afrika 2015 yeye akiwa mfungaji, ndo januari 2016 akaenda Genk, timu ambayo bongo wengi tulikuwa hatuijui. Akacheza mpaka wakachukua ligi ya Ubelgiji 2019. Aston Villa, kwenye ligi ya England ambayo kila mtu anaota, alifika januari 2020, akafunga fainali Wembley dhidi ya Man City, na bado kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapelekwa Uturuki. Msuva alivyotoka Yanga 2017 alianzia Difaâ El Jadidi, sio majina makubwa ya Morocco, akacheza pale misimu kadhaa ndo Wydad wakamchukua 2020. Upande wa pili kuna Chama, alikuwa mfalme Simba, akaenda RS Berkane ya Morocco agosti 2021, januari 2022 karudi. Miquissone, naye wa Simba, akaenda Al Ahly ya Misri 2021 hiyohiyo, kule hakupata nafasi ya kutosha, akapelekwa kwa mkopo Saudia, 2023 akarudi Simba na watu wakawa wanauliza huyu ndo yuleyule? Miguu ilikuwa yake, mechi ndo zilikuwa hazipo mwilini.

Ila nisiseme upande mmoja, Mayele alitoka Yanga akafuata hela Pyramids ya Misri 2023 na akawa anacheza, 2025 wamebeba ubingwa wa Afrika. Kwahiyo hela na namba sio maadui. Mayele alienda pale kama mshambuliaji anayehitajika, mimi nilienda kama akiba. Mshahara wa akiba na wa anayehitajika kwenye karatasi vinaweza kufanana kabisa.

Dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, niliomba mkopo, wakakataa, wakasema mgeni ana kadi mbili za njano na wa pili yake goti linasumbua, wewe tulia muda wako unakuja. Haukuja. Ligi ilivyoisha nikasikia kuna kanuni ya FIFA inayosema mchezaji aliyeshakomaa akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake kwenye msimu anaweza kuvunja mkataba, ila lazima afanye ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho. Nikaruka. Nikaenda kwa mwanasheria, nikalipa laki 3 ya ushauri. Akahesabu, timu ilicheza mechi rasmi 41, asilimia 10 ni nne na kidogo. Mimi nilionekana uwanjani mara tano. Zile dakika 4 nilizoingizwa tunaongoza goli tatu, watu wameshaanza kutoka uwanjani, ndo klabu ingenishikia hapohapo iseme huyu kacheza. Na akaniambia hata ukishinda unaweza bado kutakiwa kulipa fidia, hii sio mlango wa kutokea bure. Akanikumbusha sakata la Feisal Salum, Fei Toto, na Yanga, jamaa aliweka milioni 112 mezani desemba 2022 kuvunja mkataba akijua amemaliza kazi, kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje karibu nusu msimu mpaka klabu zilipokubaliana akaenda Azam juni 2023. Na yule alikuwa Fei Toto, wa kupigiwa kelele na nchi nzima, mimi nani angenipigia kelele? (Kwa wale wanaodai, hiyo ni njia nyingine na iko imara zaidi, kama hujalipwa mishahara miwili kamili unaandika barua ya kuwapa siku 15, wasipolipa una sababu ya kuondoka. Tunza kila meseji ya benki. Mimi mshahara ulikuwa unaingia tarehe 28 bila kukosa, huo ndo ulikuwa mtego wenyewe, sina hata cha kulalamikia.)

Mwisho nilienda kuongea mwenyewe, bila meneja. Nikamwambia kiongozi, mzee wangu, mimi sina ugomvi na nyie, naomba nikacheze. Tukafika hivi, timu ya mkopo inalipa milioni 1, klabu yangu inalipa milioni 1, ile milioni 1.5 iliyobaki naisamehe. Ndio, nililipa milioni 1.5 kila mwezi ili nicheze mpira. Crown ilirudi kwa mwenyewe. Nyumba nikaacha.

Wiki sita za kwanza kule nilikuwa mbovu, nasema ukweli. Mechi mbili nilitolewa mapumziko. Kama kocha angekuwa wa kukata tamaa mapema hadithi yangu ingeishia hapo. Mechi ya saba hivi, Sokoine Mbeya, kibaridi, uwanja mzito, nikakatiza pasi ambayo sikuifikiria, mguu wenyewe ulishafika. Nikajua imerudi. Nilimaliza na mechi 24. Msimu uliofuata tukakubaliana na klabu yangu kuvunja mwaka uliobaki, nikasaini nilipo sasa, mshahara milioni 1.8, na safari hii mkataba nimesoma kila ukurasa na mtu wa kunitafsiria pembeni. Ndani kuna mechi 10 kabla ya dirisha dogo, nisipofikisha natoka kwa mkopo nikitaka. Kuna tarehe kwenye kila awamu. Na kuna nyongeza nikicheza mechi 20, hiyo nimeshaichukua.

Mnataka kujua habari ya ile ofa ya milioni 1.2? Aliichukua jamaa yangu tuliyecheza naye mkoani, yeye ni namba mbili, beki wa kulia, lakini mguu wa kushoto anao, wakamweka kushoto. Alicheza misimu miwili mfululizo, halafu akasajiliwa kwa pesa ya usajili mara mbili ya yangu. Ukipiga hesabu ya miaka ile miwili peke yake mimi bado nilimzidi kwa mshahara, nilishawahi kukaa nikapiga na kalamu kabisa. Ya miaka minne sijapiga, sina haja.

Mkataba wangu unaisha juni, na FIFA inaruhusu ukibakiza miezi sita uongee na wengine, kwahiyo simu imeanza tena. Wiki iliyopita kapiga kiongozi wa timu moja yenye uwezo, dau zuri kweli, mpaka mama watoto akaja kusimama mlangoni asikilize. Nikamwambia kiongozi nashukuru sana, naomba tu mwalimu mwenyewe anipigie, na nitumiwe mikataba ya namba tatu waliopo inaisha lini. Akacheka, akasema kijana umekuwa mwanasheria. Leo siku ya tisa, bado hajapiga.